Miezi kumi na sensa ya sukari mkononi: usikodolee namba, tazama mshale

Nina kisukari aina ya kwanza, huu ni mwaka wa 17 sasa, na karibu miaka yote hiyo nimeijua sukari yangu kwa kuchoma kidole, mara nne kwa siku, mara saba nikiwa na wasiwasi, na kuna vipindi kusema kweli ilikuwa mara mbili tu kwa sababu ncha za vidole zilishakuwa ngumu na roho imechoka. Miezi kumi iliyopita nikaanza kuvaa sensa, kile kidude cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, kinasoma sukari chenyewe usiku na mchana na kuituma kwenye simu. Mpaka saivi nimevaa aina mbili, za kampuni mbili tofauti, kwa hiyo hii ni rivyuu ya kitu chenyewe, kuishi nacho kukoje, simpigii debe mtu wala simsemi mtu vibaya.

Naanza na usiku, maana usiku ndo ulionifanya niamini.

Kabla ya sensa nlikuwa napima kabla ya kulala, tuseme 8.1, alafu asubuhi napima tena, 6.4, nafurahi. Natumia kipimo cha mmol/L, wewe wa kipimo cha mg/dL zidisha mara 18 utapata yako. Kichwani mwangu kati ya 8.1 na 6.4 kulikuwa na mstari umenyooka tu, sukari imeteremka taratibu nikiwa nimelala, mambo shwari. Asubuhi ya tatu na sensa nafungua grafu nakuta mstari ulianza kushuka saa 6 usiku, ukafika 3.1 saa 8 na nusu, na chini ya 3.9 tayari ni kushuka, ukakaa huko chini zaidi ya saa nzima, alafu ukapanda wenyewe mpaka ile 6.4 yangu nzuri ya asubuhi. Simu nlikuwa nimeiacha sebuleni, sikusikia alamu yoyote, sensa ikahifadhi data yenyewe na kuimwaga yote nilipoisogelea simu kulipokucha.

Sikuamini. Nikasema kitu kipya hiki labda kinakosea. Usiku uliofuata mume wangu akatega saa 8 na nusu, tukaamka wote wawili, nikachoma kidole. 3.3. Na mimi sikuwa nasikia kitu, jasho hamna, kutetemeka hamna, njaa hamna, ningeendelea kulala kama mtoto. Mume wangu miaka yote hii ana tabia ya kunigusa shingo usiku aone kama nina jasho, alishazoea hivo tangu tulipooana, akiona shingo kavu anajua niko salama anarudi kulala. Akanitazama akauliza, "Kwa hiyo hii imekuwa hivi muda gani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Daktari ndo alinielewesha baadaye kwamba sukari ikishuka mara nyingi sana mwili unazoea na unaacha kukupa dalili, jasho linapotea, moyo haudundi, yaani king'ora kinazimika polepole bila wewe kujua. Akapunguza insulini yangu ya muda mrefu, ile ya usiku, tukatazama grafu tena baada ya siku nne, akapunguza tena kidogo. Baada ya wiki kadhaa bila kushuka usiku nikaanza kusikia dalili tena mchana, ile njaa ya ghafla na midomo kufa ganzi. Nlifurahi kutetemeka, mtu asiye na ugonjwa huu hawezi kuelewa sentensi hiyo lakini wenzangu mtaielewa.

Glukomita, ile mashine ya kuchoma kidole, ingenionyesha hayo? Ingeweza, kama ningekuwa naamka kila saa 8 na nusu usiku kwa miaka 17.

Sasa, inafanyaje kazi, maana hapa ndo asilimia kubwa ya malalamiko ninayosoma kuhusu hizi sensa yanatokea. Ukiibandika kuna sindano inaingia na kutoka papo hapo, inaacha ndani uzi mwembamba sana unaopinda, mfupi, milimita chache tu chini ya ngozi. Huo uzi haupo kwenye mshipa wa damu. Uko kwenye yale majimaji yaliyo katikati ya seli. Juu yake kuna kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi, kikikutana na sukari kinaichoma kidogo kidogo na kutoa umeme mdogo sana, sukari nyingi umeme mwingi, sukari kidogo umeme kidogo, na kompyuta ndogo iliyo kwenye kile kidude inageuza umeme kuwa namba. Wazo hili sio la jana, mtaalamu wa Marekani Leland Clark ndo alilitoa mwaka 1962. Ila sensa ya kwanza ya kuvaliwa iliruhusiwa Marekani mwaka 1999 tu, ilikuwa ya kampuni ya MiniMed, inakaa siku tatu, na mgonjwa mwenyewe hakuwa anaona chochote, anarudi kliniki daktari ndo anapakua data. Fikiria, sukari yako, mwili wako, na unasubiri mtu akusomee.

Turudi kwenye yale majimaji. Sukari inaingia kwenye damu kwanza alafu ndo inavuja kwenda huko kati ya seli, kwa hiyo sensa iko nyuma ya damu kwa dakika kama 5 hadi 15. Sukari ikiwa imetulia huoni tofauti. Ikiwa inapanda au inashuka kwa kasi utaona kidole kinasema 5.2 na sensa inasema 7.0, na hakuna anayedanganya hapo, mmoja anakwambia ya sasa hivi mwingine anakwambia ya dakika kumi zilizopita. Mtu anachukua sensa, anaipima na kidole dakika ishirini baada ya kula, namba hazifanani, anasema hii takataka anairudisha. Ukitaka kulinganisha linganisha ule mshale unaotokea pamoja na namba kwenye simu ukiwa umelala, yaani sukari haiendi popote. Na hata glukomita yenyewe ina ruhusa ya kukosea, kiwango cha kimataifa kinakubali asilimia 15 juu au chini, sasa unalinganisha vitu viwili ambavyo vyote vina nafasi ya kukosea alafu unatafuta zifanane mpaka desimali.

Kuna na siku ya kwanza. Ukishabandika kuna muda wa kusubiri kabla haijaanza kusoma, nusu saa kwa nyingine, saa moja au mbili kwa nyingine. Lakini hata ikianza, mimi saa 24 za mwanzo siiamini sana, mwili bado unahangaika na kile kidonda kidogo. Siku hizi sensa mpya naibandika jioni ya zamani ikiwa bado ina uhai, mkono wa pili, inalala nayo usiku, kesho ndo naiwasha. Tangu nianze hivo siku ya kwanza imekuwa afadhali sana.

Haya, mshale. Hapa ndo nina la kusema kuliko pote.

Namba ya sukari peke yake haikwambii cha kufanya. 6.0 ni namba nzuri si ndiyo? 6.0 na mshale umelala, endelea na shughuli zako. 6.0 na mshale unaangalia juu, labda umekula na insulini bado haijashika. 6.0 na mshale unaangalia chini moja kwa moja, jamani, kaa chini utafute kitu cha sukari, na kama unaendesha gari weka pembeni. Kwenye sensa nyingi mshale wima wa chini maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika, fanya hesabu, dakika 20 ni 2.0 nzima, ile 6.0 yako imekuwa 4.0 na bado inaenda. Na kumbuka sensa iko nyuma, kwa hiyo 6.0 unayoiona huenda kwenye damu ni 5.0 tayari. Namba ileile, maisha matatu tofauti, na kidole kingekupa namba tu. Mimi miaka 16 nimefanya maamuzi ya insulini kwa kutumia namba bila mshale, saivi nikifikiria naona kama nlikuwa navuka barabara kwa kuangalia picha ya magari.

Ila mshale huohuo ndo uliniumiza mwezi wa pili na hili naliandika lote kwa sababu sijaona watu wakilisema vya kutosha.

Siku hiyo nimekula, nimepiga insulini ya chakula, dakika 40 baadaye naangalia simu, 13.4 mshale juu. Zamani nisingejua, ningepima baada ya saa mbili na kukuta 9 na maisha yanaendelea. Lakini sasa naiona. Inanikera. Nikapiga yuniti mbili za kurekebisha. Nusu saa tena naangalia, 13.9, bado. Nikaongeza mbili. Insulini ya haraka ikishaingia haiishi kwa nusu saa, inafanya kazi saa 3 hadi 5, kwa hiyo nlikuwa nimepanga dozi tatu juu ya nyingine kama matofali na hakuna hata moja iliyokuwa imemaliza kazi yake. Saa moja na nusu baadaye zote zikashika kwa pamoja. Mishale chini. 2.9. Nikanywa juisi, gramu 15 za sukari kama tunavyofundishwa, subiri dakika 15 pima tena. Dakika 15 zimefika naangalia sensa, 2.8. Nikaogopa, nikanywa glasi ya pili, nikala na vitu vingine vyote nilivyoviona, na ukweli ni kwamba kwenye damu nlikuwa nimeshapanda zamani, ni sensa ndo ilikuwa nyuma. Saa mbili baadaye nikawa 17. Mchana mzima umeenda, kichwa kinauma, na kilichoanzisha yote ni mimi kukimbizana na mstari.

Tangu siku hiyo nina sheria mbili na nazishika. Sirudii dozi ya kurekebisha kabla ya saa tatu, daktari wangu ndo alinipa huo muda, wako anaweza kukupa tofauti, muulize. Na nikishashuka nikanywa sukari, kipimo kinachofuata ni cha kidole, sio cha sensa. Glukomita sikuitupa na wewe usiitupe. Ukijisikia vibaya na sensa inasema uko sawa, choma kidole. Sensa ikisema 2.5 na wewe unacheka na watu huna dalili yoyote, choma kidole. Siku hizi nachoma mara mbili tatu kwa wiki badala ya mara nne kwa siku, vidole vyangu vimerudi kuwa laini mpaka mume wangu kaona.

Kingine mshale ulichonifundisha ni kuhusu muda. Nlikuwa napiga insulini naanza kula papo hapo, grafu ikanionyesha mlima mkali kila mlo, alafu bonde. Nikaanza kupiga dakika 15 kabla, kama sukari yangu haiko chini, chakula kilekile dozi ileile, mlima ukawa kilima. Na mazoezi, hapo nlishangaa sana, kutembea kunanishusha taratibu lakini nikinyanyua vitu vizito au nikikimbia mbio fupi za nguvu sukari inapanda kwanza, ni adrenalini hiyo inaambia ini limwage sukari. Miaka yote nlidhani napima vibaya.

Baba yangu ana aina ya pili, anatumia vidonge vya metformin tu, hana sindano. Nilimbandika moja, akaivaa wiki mbili, sikutegemea makubwa kutoka kwake maana ni mtu asiyependa simu. Siku ya tano akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Alikuwa amekula chakula kilekile siku mbili mfululizo, siku moja akakaa kwenye kiti, siku ya pili akatembea dakika 20 baada ya kula. Grafu mbili kaziweka, moja imepanda mpaka 12, nyingine imeishia 9. Daktari amemwambia atembee kwa miaka, mimi nimemwambia, mama ndo usiseme, na hakusikia hata mmoja wetu, kilichomshinda ni kuona kwa macho yake mstari wake mwenyewe. Sensa ikaisha wiki mbili, hajavaa tena, anatembea. Kwa watu wa aina ya pili wasiotumia insulini mimi naona hiyo ndo njia, huna haja ya kuvaa kila siku ya maisha yako, vaa moja ujifunze, kaa miezi, vaa nyingine uone umefika wapi. Mwaka 2024 Marekani waliruhusu sensa ya kwanza ya kununua bila cheti cha daktari, Stelo ya kampuni ya Dexcom, na ilitengenezwa kwa watu hao hasa, wasiotumia insulini. Haina alamu za sukari kushuka za kumlinda mtu wa sindano, kwa hiyo sisi wa insulini haituhusu.

Alamu sasa. Nazipenda na zimeniliza. Usiku wa kwanza nilipoingiza simu chumbani niliacha mipangilio ilivyokuja, ikalia ya kushuka, ikalia ya kupanda, ikalia ya kupoteza mawasiliano, tukaamka mara tano, na asubuhi mume wangu hakusema kitu lakini uso ulisema. Hatari yake sio usingizi tu, ni kwamba ukizoea kelele unaanza kuizima bila kusoma, na siku ya kweli utaizima vilevile. Nikakaa nikapunguza. Ya juu nimeipandisha mpaka 14 usiku, kwa sababu 11 usiku haiui mtu nitaishughulikia asubuhi. Ya chini nimeiweka 4.2, sio 3.9, kwa sababu ya ile kuchelewa, nataka kuamka kabla sio baada. Ile ya dharura ya 3.1 aina nyingi hazikuruhusu kuigusa na ni sawa kabisa wasituruhusu.

Na hakikisha simu yenyewe haikusaliti. Simu nyingi za Android zina kitu cha kutunza betri kinachoua programu zinazofanya kazi chinichini, unalala unadhani unalindwa kumbe programu ya sensa ilishauliwa saa 5 usiku. Mimi ilinitokea mara mbili kabla sijajua. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iondolee vikwazo hiyo programu, na ile hali ya usisumbuliwe uipe ruhusa alamu za sensa zipite. Na ukiambiwa mfumo wa simu una apdeti mpya usiwe wa kwanza, subiri kampuni ya sensa iseme programu yao inakubaliana nayo. Haya mambo hayapo kwenye boksi, kwenye boksi kuna picha ya mtu anatabasamu kando ya ziwa.

Kuna na alamu ya uongo ambayo lazima uijue mapema la sivyo utakula sukari bure usiku wa manane. Ukilalia mkono wenye sensa, ule uzito unabana yale majimaji, damu haifiki vizuri pale, sensa inasoma chini ghafla, 5.8 mpaka 3.0 ndani ya dakika chache kama jiwe limedondoka. Geuka, subiri dakika kumi kumi na tano, inarudi yenyewe. Kushuka kwa kweli mara nyingi kuna mteremko, kwa kulalia kuna ukuta. Ukiwa na shaka kidole.

Wanaotufuatilia je. Programu nyingi zinakuruhusu kualika watu waone sukari yako kwenye simu zao, mimi nimemuweka mume wangu na mdogo wangu wa kike. Kwa mzazi mwenye mtoto wa kisukari sina hata maneno, mtoto yuko shule na wewe unaona mstari wake, hiyo peke yake inatosha. Lakini kwa watu wazima mkae mkubaliane kwanza. Mdogo wangu miezi ya mwanzo kila nikifika 12 ananitumia meseji, "dada umekula nini?" Najua ni mapenzi, lakini mtu anayekuona sukari yako kila dakika tano, vipimo 288 kwa siku, anaweza kukufanya ujisikie uko kwenye mtihani usioisha. Nikamwambia kwa upole, mdogo wangu, ukiona chini ya 3.5 na sijibu, piga simu, usiponipata mpigie shemeji yako. Ya juu niachie mwenyewe. Tangu hapo amani.

Ngozi na gundi, hili ndo eneo lililoniudhi zaidi. Aina ya kwanza niliyovaa gundi yake ilinitoa vipele baada ya wiki, vinawasha, vikaacha alama ya duara iliyokaa mwezi. Nikaja kujua kuna kemikali inaitwa isobonili akrileti iliyokuwa inatumika kwenye baadhi ya vifaa hivi na imewaletea watu wengi mzio, kampuni kadhaa zimeshaiondoa. Aina ya pili sijapata vipele ila inabanduka, hasa wakati wa joto na jasho, siku ya nane pembeni imeshaanza kunyanyuka. Dawa yangu ni kusafisha na spiriti, kuacha pakauke kabisa kabisa, hakuna losheni siku hiyo, na kuweka stika ya juu ya kushikilia tangu siku ya kwanza, usisubiri ianze kubanduka. Badilisha mkono kila mara. Na milango, ndugu zangu, milango inang'oa sensa kuliko kitu kingine chochote, na kamba za begi.

Kati ya sensa zote nilizovaa, tatu zilikufa kabla ya muda wao. Moja siku ya pili, moja ya sita, moja ilibakiza siku mbili. Nikapiga huduma kwa wateja, mara mbili wakanielewa wakaniletea nyingine bila shida, mara ya tatu nilizungushwa wiki nzima, tuma picha, tuma namba ya boksi, tuma tena, na boksi nlishalitupa. Sasa boksi linakaa mpaka sensa iishe, na namba zake nazipiga picha siku ya kubandika. Na huwa na moja ya akiba na stripu za glukomita ndani, maana kurudi gizani katikati ya wiki ukishazoea kuona ni kitu kibaya sana.

Kuhusu dawa nyingine, soma karatasi ya ndani, kwa kweli isome. Vitamini C ya dozi kubwa inafanya baadhi ya sensa zisome juu kuliko ukweli, na paracetamol ilikuwa inavuruga sana aina za zamani, mpya zinavumilia dozi ya kawaida. Wenye selimundu wanaotumia hydroxyurea muwe makini zaidi, kuna sensa inazivuruga vibaya, muulizeni daktari kabla. Na ukienda kupigwa MRI kuna aina utatakiwa uitoe, kwa hiyo panga miadi siku inayoisha.

Nimetaja selimundu nikakumbuka kitu. Kile kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kinategemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wa kawaida, kama siku 120. Mwenye selimundu au aina fulani za upungufu wa damu chembe zake zinakufa mapema, kipimo kinatoka kizuri wakati sukari sio nzuri. Kwa mtu kama huyo grafu ya sensa ni ushahidi ambao hakuwa nao kabisa, na natamani madaktari wengi walifikirie hilo kabla ya kusema sensa ni anasa. Hata bila selimundu, HbA1c ni wastani, na wastani unaficha. Wangu ulikuwa asilimia 6.9, nlikuwa nasifiwa kliniki, na humo ndani kulikuwa na zile 3.1 za usiku zinashusha wastani na zile 14 za mchana zinaupandisha. Saivi ni 7.0, juu kidogo, na daktari kafurahi zaidi kuliko zamani, kwa sababu tunaangalia muda ndani ya lengo, yaani asilimia ya siku sukari ikiwa kati ya 3.9 na 10.0. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2019 kwamba wengi wetu tulenge zaidi ya asilimia 70, na chini ya 3.9 isizidi asilimia 4, ambayo ni kama saa moja kwa siku. Wazee na walio kwenye hatari ya kushuka wana lengo laini zaidi, wajawazito wana lao kali zaidi. Nilianza na asilimia 54 ndani na 9 chini. Mwezi uliopita 73 ndani, 2 chini. Ile 9 kwenda 2 ndo ninayojivunia.

Gharama sitadanganya, kwa anayelipa mfukoni mwake ni mzigo, na inauma kwamba kitu kinachozuia mtu asizimike usingizini kinategemea bima yako inasemaje. Kama huwezi kuvaa mfululizo, vaa moja ukibadilishiwa dozi, au ukiwa na ujauzito unaoanza, au kama una wasiwasi na usiku wako. Hata sensa moja ingenionyesha ile saa 8 na nusu.

Kama unatumia insulini, mimi nasema vaa. Kama huna kisukari na unataka tu kujua, iache, sukari ya mtu mzima wa afya nayo inapanda baada ya kula na utajitisha bure.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa gundi na kwa ile wiki ya kuzungushwa. Usiku ungekuwa unahesabiwa peke yake ningetoa tano, jana nimelala mpaka saa 12 asubuhi mstari umelala nami, na mume wangu hajanigusa shingo.